Nyuma ya Friji

Watu wa Majengo huniita muuza baridi.
Wanakosea. Baridi haiuzwi, haina kiwanda.
Ninachofanya ni kulihamisha joto:
nalitoa ndani, nalimwaga nyuma ya friji,
kule paka anakolala.
Anayetaka kuijua kazi yangu asifungue mlango.
Azunguke nyuma, aguse koili.

Oktoba hii Dodoma imekaangwa.
Nyanya zilizoingia sokoni asubuhi zikicheka
saa nane mchana zimelegea
kama mtu aliyepokea simu ya msiba.
Muuza samaki wa Mtera anainua gunia kila mara,
anahesabu kilichobaki:
si samaki, barafu.
Mama Chiseo wa maziwa alinipigia jana mara sita.
Mara ya saba alinyamaza tu kwenye simu,
nikajua lita arobaini zimekatika.

Leo ni Kigwe, zahanati.
Pikipiki, vumbi, spana mbili,
mtungi wa gesi nimeufunga mgongoni kama mwana.
Nesi Nyemo alikuwa barazani. Hakunisalimia.
"Nane na nusu," alisema.
"Asubuhi ilikuwa tano."
Ukutani karatasi zake, kalamu ya bluu, mwandiko mdogo:
asubuhi na jioni, asubuhi na jioni,
nne, tano, nne, sita, nne,
miaka mitatu hajaruka siku, hata Krismasi.
Nimeona vitabu vya maduka makubwa
visivyo na uaminifu ule.

Kwenye benchi kina mama tisa,
na watoto wasiojua
kwamba kikao kile kinahusu mapaja yao.
Mmoja ametoka Chipanga kwa miguu, ana pacha,
mmoja mbele, mmoja nyuma.
Akaniuliza, "Fundi, turudi nyumbani?"
Sikumjibu. Nilikuwa kifudifudi sakafuni,
tochi mdomoni.

Mama yangu alikuwa na sukari.
Kichupa chake cha insulini kiliishi chunguni,
chungu ndani ya chungu kikubwa,
katikati mchanga wa korongo.
Kazi yangu kabla ya shule
ilikuwa kuunywesha mchanga ule.
Mwaka wa njaa, ndoo moja ya maji ilikuwa na kazi nne:
kupika, kunywa, kunawa, mchanga.
Mchanga ulianza.
Jirani walidhani tuna mzimu chini ya kitanda
tunaoutambikia.
Siku moja nililala, nikachelewa, nikakimbilia shule.
Jioni mchanga ulikuwa mkavu, kichupa kina uvuguvugu wa kikombe.
Mama alikishika akakizungusha vidoleni,
akasema, "Labda bado kinafaa,"
akajidunga.
Sijui kama kilifaa. Sijawahi kujua.
Ndiyo maana nikiitwa kwenye friji ya bia
naweza kusema kesho,
nikiitwa kwenye friji ya dawa
nashuka kitandani bila kutafuta viatu.

Kosa lenyewe? Panya.
Panya, na waya usiozidi urefu wa kidole.
Gesi niliyoibeba njia nzima haikufunguliwa hata kidogo,
mgongo wangu una alama yake hadi sasa.
Nikaunga, nikazungushia tepu,
nikaziba tundu kwa bati la mkebe wa maziwa ya kopo.
Mashine ikakohoa, ikakohoa tena,
ikaanza kunguruma ile sauti yake ya mzee anayekubali kwa shingo upande.

Kisha hakuna la kufanya ila kusubiri.
Hapo ndipo watu hawapendi ufundi wangu:
hauna ngoma, hauna cheche.
Nilikaa sakafuni, kiganja nyuma ya friji.
Vuguvugu.
Kina mama kimya.
Vuguvugu zaidi.
Halafu moto, moto mzuri, wa kumfanya mtu aondoe mkono.
Joto lilikuwa linatoka mle ndani
kama wageni waliokaa mno.

"Malipo," Nyemo alisema, "nitaandikia wilaya."
Wilaya tunaijua sote wawili. Tukacheka kidogo.
Akaifuta kalamu yake kwenye sketi,
akainama kusoma kipimo,
akaandika: saa kumi na dakika tano, saba.
Akapiga mstari chini yake.
Akaita jina la kwanza.