Diski ya Bi Raya

Umeme ulirudi Wete kwa ghadhabu, saa saba mchana,
ukaunguza feni ya msikiti, friji ya Faki,
na diski yenye madeni ya mtaa mzima.

Bi Raya aliniletea kaifunga kangani,
kama kuku mgonjwa.
"Yalia," akasema. "Hebu sikiliza."
Nikaitegea sikio: ta, ta, ta. Kimya. Ta, ta.
Kichwa chatafuta njia, hakioni njia.
"Itapona?"
"Mie fundi, Bi Raya, si Mola. Niachie."

Habari haikulala.
Alasiri akaja Ngwali kuulizia chaja asiyoihitaji,
akasimama, akakohoa:
"Vyuma hivi vikifa vimekufa. Usijitie taabu bure."
Akaja mke wa Mjaka na sahani ya katlesi;
nyumba ile haijapata kunipikia tangu nizaliwe.
Hata mwalimu wa chuo aliniuliza, kwa mbali,
kama kusahau nako si rehema.

Nami nisijifiche: jina langu limo.
Sukari, mchele, betri za tochi,
na ile bafta ya Mfunguo Nne, dhiraa kumi na mbili,
siku alipofariki mama
nami sina kitu mkononi ila simu ya kuwaita ndugu.

Usiku nikamwaga maji chooni, kuta hadi sakafu,
vumbi likatulia kama watoto waliokemewa.
Nikafungua kwa bisibisi ya nyota.
Kichwa kizima nilikitoa kwa marehemu mwenziwe,
diski ya ofisi ya karafuu, kiwanda kilekile, namba ileile:
mfu akamwazima mfu mkono.

Hapo, nasema kweli, nilisita.
Ukucha mmoja tu kwenye sahani ile ing'aayo
na mtaa mzima ungelala huru.
Sikugusa. Sijui kwa nini.
Labda kwa kuwa ingekuwa kazi mbovu.

Ikazunguka. Dakika arubaini, haikuzidi,
kisha ikanyamaza moja kwa moja.
Miaka sita ilitoka, miwili ikazama.
Ngwali kapona, mtu wa bahati.
Mke wa Mjaka kanaswa,
na katlesi zake zimo tumboni mwangu.

Jina langu likatoka zima. Sukari. Mchele. Betri.
Bafta, dhiraa kumi na mbili,
na mbele yake, pahala pa bei, hamna kitu.
Nikadhani ni maradhi ya diski.
Nikakagua mara tatu.
Palikuwa pazima pale. Patupu tu, kwa mkono wa mtu.

Sikumuuliza.
Tukapigiana hesabu, ujira wangu kwa deni langu:
bado nadaiwa elfu nne na mia sita.

Sumaku mbili nimempa Bi Mkasi, mshona kofia;
sindano ikimponyoka haimchoshi macho tena.
Na zile sahani shemeji kazitundika mpungani, Mtambwe,
zazunguka juani na madeni yetu yote,
na hakuna chiriku anayethubutu kushuka.