Duara Lisilo na Sauti

Ilianza na homa. Siku tatu kitandani, Barabara ya Kumi na Tatu,
dada yangu Mwanamsa akaniwekea tamthilia ya Kikorea
ili ninyamaze, yeye aende zake sokoni.
Msimuliaji alipiga kelele juu ya sauti zao,
kijana wa Dar, ana haraka, anatia chumvi:
"Hapo mama mkwe kachukia, jamani, kachukia!"
Mimi nilimsikiliza aliyekuwa chini yake,
bibi mmoja anayesema polepole, nyuma ya kelele,
kama maji yanayopita chini ya sakafu.

Homa ilitoka. Bibi yule hakutoka.

Miaka minne sasa.
Herufi zao nimejifunza nyuma ya karatasi za vipimo,
kati ya kiuno cha Mama Semhando na bega la Mwalimu Kihiyo.
Nyingine ni pembe tu ya kiraka,
nyingine kofia juu ya kijiti,
na iko moja, duara, kama kifungo kisicho na tundu:
ikitangulia irabu haina sauti,
inashika nafasi tu.
Niliipenda hiyo kabla ya zote.
Kwetu tulizaliwa tisa. Mimi ni wa sita.

Nimewahi kutia kabichi chumvi,
nikaipaka pilipili, tangawizi, dagaa wa kusaga,
nikaifungia ndooni siku tano chini ya cherehani.
Mwenye nyumba, Bwana Mbaruku, akaja na leso puani
kuuliza ni panya gani aliyekufa, na kafia wapi.
Nikamwonjesha. Akatafuna. Akatazama dari.
"Hii," akasema, "ni achari iliyokosa adabu."
Kesho yake alikuja na bakuli.

Watu huniuliza, hao Wakorea wamekupa nini?
Hawajanipa kitu, hawanijui.
Ila nimeona mtu akimpa mkubwa wake kikombe
kwa mikono miwili, kichwa kimeinama,
nikamkumbuka shangazi wa Muheza
akipiga goti na kata ya maji.
Na mtoto wao akimwita mamaye husema omma.
Wa Mwanamsa, kabla hajaota jino,
alisema vivyo hivyo, na hakuna aliyemfundisha.
Sijui kama hilo ni jibu.

Juzi, mvua inanyesha, akaingia mgeni,
suruali imepasuka gotini.
Uso ule! Nikasimama hadi sindano zikamwagika.
Miaka minne nimeitunza sentensi hii.
Nikainama, nikaitoa yote: annyong haseyo.

"Dada, mi Mchina bwana," akacheka.
"Nauza vigae pale Chumbageni."
Na Kiswahili chake cha Mombasa, kitamu kuliko changu.

Nilimpa kikoi ajifunge, nikaificha aibu kwenye uzi.
Akakaa juu ya gunia la vipande, akatazama karatasi zangu ukutani.
"Ugonjwa huu anao mama yangu," akasema.
"Kila jioni. Saa hizo hata simu yangu hapokei."
"Anatazama ipi?"
Jina hakulijua. Kuna bibi mwenye duka la tambi,
kuna mtoto wake aliyepotea, na mvua, mvua kila mara.
Cherehani ikasimama yenyewe.
Nikamwambia yule mtoto anarudi lini.
"Usije ukamwambia mama," akasema, "ndiyo kwanza yuko katikati."

Huko kwao usiku ulikuwa umeingia, na bado alimpigia.
Siku hiyo akapokea.
Akamwambia kitu, akaniona, akanisogezea simu,
nami nikaipokea kwa mikono miwili.
Mama yule akasema. Maneno mengi, polepole,
na hapakuwa na msimuliaji wa kumfunika.
Sikuelewa hata moja.
Nikaitikia, "Ee, mama. Ee."

Suruali shilingi elfu mbili. Alilipa, akasahau mwavuli.
Nilikuwa nakusanya sindano sakafuni
Bwana Mbaruku alipobisha,
kwa kijiko, kwenye bakuli.