Mguu Mmoja

Julai, Newala. Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma
ukaingia hadi jikoni bila hodi.
Watu wamevaa sweta juu ya sweta.
Mie nimefungua madirisha yote,
nimekaa kibarazani na kanga moja,
najipepea kwa leja ya chama cha msingi.

Asumini kapita na ndoo kichwani:
"Somoe, unaumwa?"
"Sijui. Labda nimemeza jiko."

Mwaka wa pili huu.
Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni,
unafika kwenye paji, unamwaga jasho, unaondoka
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Usiku unarudi na wenzake.
Msimu uliopita, ghalani, gunia la kilo themanini na moja
nililiandika kumi na nane.
Mkulima akacheka. Mimi nikalia,
na mimi si mtu wa kulia mbele ya mizani.

Damu ilipokuja, nilipigiwa ngoma.
Nikachezwa chiputu, nikapakwa unga,
nikafundishwa kila neno na fumbo lake.
Ilipoondoka
haikuagwa na mtu.

Daktari Nambunga ana umri wa mwanangu wa pili.
Anasema homoni zipo,
za kumeza na za kubandika kwenye ngozi,
zinapoza moto, zinarudisha usingizi.
Nilishanyoosha mkono.

"Subiri kwanza, mama.
Kwenu kuna mtu aliyewahi kuganda damu?"

Nikasema hapana. Upesi, kama aliyeulizwa kuhusu wizi.

"Aliyevimba mguu mmoja. Mmoja tu, si miwili.
Kisha pumzi zikamkatikia."

Ukutani palikuwa na kalenda ya benki.
Niliisoma yote, mpaka sikukuu.

Dada yangu Sikudhani.
Siku ya kumi na moja tangu ajifungue,
mguu wa kushoto kama mhogo uliolowekwa,
wa kulia mwembamba kama jana.
Tukamkanda kwa maji ya moto. Tukamkataza kutembea.
Alfajiri akaomba mlango ufunguliwe, hewa haimtoshi,
na mlango ulikuwa wazi.

Tulisema kakanyaga kitu.
Tulimtaja mke mwenziwe, Biti Likwata,
akahama na sufuria zake hadi Kitangari,
na maneno yetu yakafika kule kabla yake.
Miaka ishirini na sita.

Kalamu ya daktari inakwama, anaitikisa.
Anasema damu ya ukoo huweza kuwa na haraka ya kuganda,
na kidonge, kikipitia kwenye ini, huizidishia haraka hiyo;
cha kubandika kina hatari ndogo zaidi,
ila kwangu hatabahatisha kabla ya kipimo,
na kipimo kinapelekwa mbali.
"Wengi wanatumia, hawapatwi na lolote.
Lakini wewe una jina la kutaja."
Halafu, nikiwa mlangoni:
"Mguu ukivimba, usikande. Njoo."

Usikande.

Naujua utomvu wa mkorosho:
ukiuchanja mti, unatoka laini,
kesho yake unakuta gundi ngumu kama kioo.
Mti unafunga jeraha lake.
Sikujua mtu anaweza kujifunga
pasipo jeraha.

Juu ya dawa, bado sijaamua.
Usiku naamka, nazungushia uzi ndama ya kushoto,
naupeleka kulia, nalinganisha
kama ninavyolinganisha magunia.

Juu ya Kitangari, nimeamua.
Nilikwenda Jumamosi, na kilo mbili za sukari,
maneno sina.
Alitoka na mkongojo, akanitazama muda mrefu.
Nikaanza: "Hospitali wameniambia..."
na moto ukanishika palepale, jasho likanitiririka machoni,
hata asijue lipi jasho na lipi siyo.

Hakusema amesamehe.
Alisogeza kigoda kwa mguu:
"Kaa huku. Ndiko upepo unakopita."