Mgogoro Uko Wapi?

Kidato cha tatu, darasa la madirisha yanayotazama reli,
niliwafundisha hadi kiganja kikawa cheupe kwa chaki:
fahali wawili, zizi moja,
hapo ndipo hadithi inapoota miguu.
Mmoja anataka, mwingine anamzuia.
Bila hivyo, nikasema, mmeandika orodha ya vitu vya sokoni.

Madaftari thelathini na nane nikayabeba hadi Ngamiani,
barabara ya kumi na tatu. Umeme umekatika.
Nikasahihisha kwa tochi ya simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai.
Kweli walinisikia. Damu ilikuwepo.
Wezi walidhulumiana, ndugu waligombea mkonge,
mama wa kambo walikuwa watano,
na jini mmoja wa Amboni alidai kodi ya pango.

Kisha daftari la Mwanamkuu Shekimweri. Nusu ukurasa.

"Leo baba amekula nyumbani.
Mama amemenya chungwa la Muheza kwa kisu kidogo,
ganda halikukatika.
Baba amechukua nusu, mama nusu.
Kokwa wametemea kisahani kimoja.
Tumelala."

Mgogoro uko wapi? nikaandika kwa wino mwekundu.
Saba kwa ishirini.
Chini ya "wapi" nikapiga mistari miwili.

Asubuhi hakulia. Afadhali angelia.
Alisimama mlangoni mwa ofisi, soksi moja imeshuka,
akasema, Mwalimu, uko nyumbani.
Nimeuacha hukohuko.
Nilitaka ukurasa mmoja upite hawajagombana.

Akaenda zake, kipindi cha hisabati.

Nikaisoma tena.
Miaka kumi na moja nafundisha fasihi
na neno la kwanza nilikuwa nimeliruka.

Leo.

Na jana je? Juzi chungwa lilimenyewa nani?
Ganda halikukatika: nani huketi akalitazama ganda
kuanzia juu hadi chini, pumzi kaibana,
kama si mtu aliyekwisha kuona vingi vikikatika?
Kisahani kimoja.
Tumelala, maana ziko siku hawalali.

Nikachukua wembe niikwangue ile saba,
kama tulivyofanya chuoni zamani.
Karatasi ikatoboka.
Kwenye tundu likachungulia jani la nyuma,
zoezi la wiki iliyopita, kamilisha methali:
vikombe vikikaa pamoja

na mbele yake pametupu.
Hapo pia nilimwekea mkasi.