Tanuri Lina Mdomo Mmoja

Nilikuja Kadutu na daftari la chuo.
Ukurasa wa kwanza niliandika kwa wino mwekundu:
Uzalishaji ni kugeuza kitu
kiwe kitu kingine chenye thamani zaidi.
Nsimire akasoma, mikono yake myeupe kwa unga hadi viwikoni.
"Hata nyumba ikiungua," akasema, "kitu kimegeuka.
Wewe niambie mikate mingapi, saa ngapi, ya nani."

Ya nani: ya Mama Cibalonza na wenzake saba
wanaoshuka na mabeseni
kabla mtoto wa shule hajauliza chai inanywewa na nini.
Saa ngapi: saa kumi na moja, mvua inyeshe isinyeshe.
Mingapi: elfu moja na mia nne.
Tulikuwa tunatoa elfu moja na themanini.
Iliyopungua tulilipwa kwa matusi.

Nikapiga hesabu, nikaona dawa:
mashine ya pili ya kukandia, kwa mkopo.
Bagalwa alishangilia, maana mabega ni yake.
Nsimire hakubisha. Alinishika mkono,
akanipitisha nyuma ya pazia la gunia
hadi kwenye meza ndefu.
Kinyunga kilikuwa kimelala pale,
kimeumuka, kimepitiliza, kimeanza kunuka pombe,
kama mgeni aliyealikwa saa moja
akapakuliwa saa sita.
"Unataka kununua haraka," akasema, "ya kwenda kungojea.
Tanuri lina mdomo mmoja.
Ukilijazia meza, halitakula kwa pua."

Usiku ule sikuandika kitu.
Nilikaa juu ya ndoo na saa ya marehemu baba,
nikalitazama tanuri kama mtu anavyomlinda mgonjwa.
Dakika ishirini na nane, mkate unaiva.
Dakika kumi na mbili, mlango uko wazi:
Mushagalusa anatoa mmoja,
anatoa mmoja,
anaingiza mmoja,
na joto la kuni za Kabare, tulizolipia mzigo kwa mzigo,
linakwenda kumpasha paka wa jirani.
Kumi na mbili, mara tisa kwa usiku.
Karibu saa mbili nzima
tulikuwa tunauoka uchochoro.

Kesho yake tukavunja kitanda kilichokuwa kimekwisha kuvunjika,
tukachonga vibao sita virefu.
Mikate ikapanda juu yake ishirini ishirini,
ikangoja zamu yake nje, tayari,
si ndani ya kichwa cha Mushagalusa.
Kibao kinaingia, kinavutwa, kinarudi kitupu.
Dakika nne.
Nilipima mara mbili; nikadhani saa ya baba imekufa naye.

Saa sita umeme ukaondoka bila kuaga.
Mashine ikanyamaza katikati ya duru.
Bagalwa akavua shati, nami nikavua langu,
tukakanda kwa ngumi, kwa mishumaa miwili,
jasho tukilifuta kwa bega lisimwagikie unga.
Daftari lilianguka mahali, sikuinama.
Tanuri halikujua kama kuna giza.
Lilifungua mdomo, tukalilisha.

Alfajiri: mizunguko kumi na mmoja,
mikate elfu moja mia tatu na ishirini.
Themanini haikupatikana.
Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi,
kumbe Nsimire alikwisha kumtuma mtoto tangu jana jioni:
Mwambieni Cibalonza asiwaahidi wale wa Nyawera.
Akaja, akahesabu, hakutukana.
Nikamwona anajaza beseni kama mtu aliyepewa haki yake.

Kisha akamega mkate, akatafuna, akasimama.
"Huu ni mkate," akauliza, "au ni samaki wa kukausha?"

Chumvi niliitia mimi. Gizani. Mara mbili.

Nsimire hakucheka.
Aliliokota daftari chini ya meza,
akalipiga pajani, vumbi la unga likapanda,
akanisukumia.
"Sasa andika."