Hesabu za Kunduchi

Kazi yangu ni kuhesabu visivyoonekana,
na mshahara wake, husema shangazi, nao hauonekani.

Kila Jumanne Pazi huburuta wavu laini kama chandarua cha mtoto
kati ya Mbudya na Bongoyo, dakika kumi, injini ikikohoa,
aniletee chupa moja ya maji
yenye rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa.
Nachukua tone. Nalilaza juu ya kioo.
Nafumba jicho moja, na mji mzima unazimika:
honi za Barabara ya Bagamoyo, jenereta, muuza kahawa na vikombe vyake.
Linabaki tone.

Ndani yake zamani
(nasema zamani, namaanisha miaka kumi na miwili,
nilipoajiriwa nikiwa bado na kiuno)
mlikuwa na msongamano wa Kariakoo mkesha wa Idi:
vijani vya kioo, pembetatu, duara, mkufu uliokatika,
na kopepodi, mwenye jicho moja na papasi ndefu,
akipita katikati yao akila kama aliyealikwa.
Nilibonyeza kihesabio mpaka kidole gumba kikafa ganzi.

Machi hii kidole hakijachoka.

Maji ya juu yamefika nyuzi thelathini na moja,
yamelala, hayataki kugeuka,
kama mafuta juu ya mchuzi wa jana.
Rutuba iko chini, gizani. Jua liko juu.
Kati yao vijani vimefunga
saumu isiyo na nia wala futari.

Niliandika haya kwenye ripoti, kwa lugha ya ripoti.
Wakanijibu: jaza upya, fomu mpya ina safu tisa.
Hakuna safu ya "mbona".

Shangazi Mwamvua hakusoma ripoti.
Yeye hukaanga pale Feri, mafuta yakimrukia mikononi,
na anajua kwa kopo lake.
Kopo ni lilelile la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni,
alilorithi kwa Bi Sikudhani aliyehamia Mbagala.
Dagaa mchele ndio waliosinyaa.
"Zamani nikijaza nilikuwa nahesabu vichwa," anasema,
"sasa nahesabu macho."
Vibua wamekonda mgongoni kama wametoka kulazwa.
Na jodari, anayemla kibua anayemla dagaa anayemla
yule wangu wa jicho moja,
amekwenda mbali zaidi, na mashine zimemfuata,
na bei imezifuata mashine.

Mjini hapa ukimwita mtu dagaa umemtukana.
Wakubwa ni mapapa, ni nyangumi.
Hakuna anayeuliza nyangumi kala nini.

Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hatukufundishwa kwamba hutoka kwa mlango huohuo.

Ijumaa alikuja kituoni, ananuka moshi na ndimu.
LUKU ilikuwa imekwisha,
darubini naimulika kwa tochi ya simu.
"Hebu nimwone huyo anayenitia hasara."
Akainama, kilemba kikagusa chuma.
Akanyamaza, yeye ambaye hata usingizini hanyamazi.
"Ana jicho."
"Ndiyo."
"Ananitazama."
"Hakuoni, shangazi."
"Amekula?"

Miaka kumi na miwili nimeuliza wangapi.
Sikuwahi kuuliza hivyo.

Nikarudisha jicho. Mwili wake ni kioo, hauna siri:
aliyeshiba huwa na uzi wa kijani kutoka mdomoni hadi mkiani.
Huyu alikuwa mtupu,
kama glasi iliyooshwa ikasahauliwa kabatini,
na bado anapiga papasi zake, anatafuta.

Shangazi alishafungua gazeti mezani:
dagaa wachache, pilipili, chumvi.
"Basi kula wewe."

Nikala.
Kisha pembeni ya fomu, nje ya safu zote tisa,
nikaandika kwa penseli: hajala.