Mfuko wa Kulala Mtandi

Nimeipima mitatu kwenye mizani ya korosho.
Msimu umekwisha, karani ananishangaa:
"Mfuko mtupu, unapima nini?"
Wa turubai, kilo mbili na robo. Nikaurudisha.
Huo ni mzigo wa punda, si wa mtu
anayeng'ang'ania jiwe kwa vidole vinne.

Wa nailoni, mtumba wa gulioni,
nusu kilo kasoro. Moyo ukaruka.
Somoe akanimwagia ndoo nzima nimo ndani;
hakuna hata tone lililopenya.
Nikalala nao uani, kukavu, nyota tele,
alfajiri nikaamka chepechepe:
pumzi yangu mwenyewe ilininyeshea usiku kucha.

Wa tatu kaushona Fundi Chinguile,
juu kitambaa kinachopumua, chini plastiki,
mishono kaipaka nta,
zipu kaing'oa kwenye begi la shule la mwanawe.
"Sijawahi," alisema, uzi mdomoni,
"kumshonea aliye hai kitu cha urefu huu."
Hatukucheka.
Gramu mia nane.

Sasa niko Mtandi, kwenye bega la jiwe.
Mvua imetokea upande wa Newala
bila hodi.
Masasi chini umeme umekatika.
Nimejifunika hadi utosini, nimeacha tundu
la kutosha ngumi.
Maji yanapapasa, yanatafuta mshono.
Goti la kushoto linapata ubaridi kidogo.

Kesho nitamwambia Fundi: hapa gotini, ongeza nta.
Na mtoto
nimnunulie begi.